Maji ya kijito cha mlimani: kung'aa si usalama

Kwenye magrupu ya watembea milima kuna ujumbe usiokoma: maji baridi, maangavu, yanayokimbia juu ya mawe, yanywe tu. Si kweli. Giardia, kimelea kidogo sana kinachosababisha kuhara, haionekani kwa macho, haina ladha, na kwenye maji baridi hudumu muda mrefu zaidi. Ukifuata kijito kuelekea juu huenda ukakuta kinyesi au mzoga. Usipokuta, bado hujathibitisha kitu.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu dalili huanza wiki 1 hadi 3 baadaye. Kwenye njia ya watembea milima ya Appalachian nchini Marekani, yenye kilomita kama 3,500, mtu huwa ameshakiacha kijito mbali sana, na lawama zinaangukia chakula cha mjini.

Chemsha yatokote dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Chujio lenye matundu ya mikroni 0.1 huzuia giardia na bakteria, si virusi. Usiku wa barafu lala nalo ndani ya begi la kulalia: likiganda, nyuzi zake za kuchujia hupasuka bila kuonekana. Na kwa kuwa giardia huenea pia kwa mikono michafu, wenzako wamiminie karanga mkononi, wasichovye mikono kwenye mfuko wako wa karanga.

Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyeutuma.