Kisukari, chakula na macho: maswali na majibu

Sukari iko kwenye damu. Inafikaje kuharibu macho?

Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Unalishwa na mishipa ya damu myembamba mno. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo huumia kwa ndani. Kinga ya mwili nayo huamka: chembe nyeupe za damu hunata kwenye kuta, na kemikali zinazotolewa hapo hufanya mishipa ivuje. Hali hiyo ndiyo mchochota. Si ule wa jipu unaouma na kuwa mwekundu. Huu hufanya kazi chini kwa chini bila maumivu, hivyo mtu anaweza kuona vizuri kabisa huku retina yake imeshaanza kuharibika.

Mishipa mingine huziba. Sehemu ya retina inayokosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, nayo huotesha mishipa mipya iliyo dhaifu, ambayo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Majimaji yakivujia katikati ya retina, pale tunapotumia kusoma na kutambua sura za watu, uoni hufifia.

Je, kuna chakula kinachozima mchochota huo?

Wauzaji wa unga wa mlonge na vidonge vya manjano watakuambia kipo. Kwa maoni yangu, ukianzia huko umeanzia mwisho. Kinachouchochea zaidi ni sukari na presha, na chakula husaidia macho hasa kwa kuvishusha hivyo viwili. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliotangazwa 1993, uliwafuatilia watu wenye kisukari aina ya kwanza: waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza uwezekano wa kuanza kuugua retina kwa asilimia 76. UKPDS ya Uingereza, 1998, ikaonyesha kwamba kwa wenye aina ya pili, kudhibiti presha barabara kulipunguza kusonga mbele kwa ugonjwa huo kwa asilimia 34. Hakuna unga wa kopo wenye ushahidi wa namna hiyo.

Chakula ninachoweza kukitaja bila kusita ni samaki wenye mafuta. Nchini Hispania, katika utafiti wa PREDIMED, watu wazima wenye kisukari aina ya pili waliopata angalau miligramu 500 za omega-3, aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki hao, kwa siku, yaani kama milo miwili kwa wiki, walipatwa na ugonjwa wa retina unaotishia uoni kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao. Waliangaliwa tu walivyokula, kwa hiyo huwezi kusema samaki peke yake ndiye aliyewakinga. Hata hivyo vibua na dagaa si ghali kama sangara wa minofu. Wachemshe au wachome. Dagaa wa chumvi waroweke kwanza na umwage maji, maana chumvi hupandisha presha.

Kwa hiyo niache ugali?

Hapana, punguza mlima. Robo ya sahani iwe ugali, wa dona ukipatikana; robo nyingine maharage, samaki au kuku; nusu iliyobaki mchicha, matembele au sukuma wiki. Ila kabla hujagusa ugali, acha soda na sukari kwenye chai. Hapo ndipo wengi huona tofauti kwenye mashine ya kupimia.

Na karoti?

Zina faida kwa mwenye upungufu wa vitamini A. Hazitibu retina iliyoharibiwa na kisukari. Juisi ya karoti na embe iliyotiwa sukari inakurudisha ulikotoka.

Nimeanza dawa, sukari imeshuka haraka, lakini naona ukungu. Dawa zinanipofusha?

Usiziache. Sukari inapobadilika, lenzi ya jicho hubadilika umbo na uoni huyumba kwa muda, ndiyo maana si vizuri kutengeneza miwani mipya kabla sukari haijatulia. Lakini pia, mtu ambaye retina yake ilikuwa tayari mbaya anaweza kuzidiwa kwa muda sukari inaposhuka ghafla. Mwambie daktari wako, akupeleke kwa daktari wa macho.

Nipime macho lini?

Mwenye aina ya pili apimwe mara tu anapogundulika, mwenye aina ya kwanza ndani ya miaka mitano, kisha kila mwaka au kama daktari atakavyopanga. Mwenye kisukari akishika mimba apimwe mapema. Utatiwa dawa ya kupanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa, hivyo usiende ukiendesha pikipiki au gari.

Ukiona vidoti vyeusi vingi vinaelea ghafla, mwanga unaomulika kama radi, au kivuli kimefunika upande mmoja, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo.