Betri ya ndimu: umeme unatoka kwenye tunda au kwenye msumari?

Mtoto wa kaka yangu yuko darasa la tano hapa Dodoma. Jumamosi moja alinijia nyumbani Nkuhungu, ndimu nne zimejaa kwenye mifuko ya kaptula, na agizo la mwalimu wao wa sayansi: Jumatatu kila kikundi kije na betri ya tunda. Hata kukaa hajakaa, akauliza, "Shikamoo shangazi. Eti umeme unakaa ndani ya ndimu?"

Si yeye peke yake anayewaza hivyo. Ukiona picha ya ndimu iliyochomekwa msumari huku taa inawaka, utasema basi ndimu ina umeme kama dafu lilivyo na maji. Haina. Ikate, ikamue, ikaushe, umeme huupati humo. Kinacholiwa ili umeme utoke ni ule mpako wa zinki uliopo kwenye msumari. Ndimu kazi yake ni kuwa njia, na ni njia muhimu, lakini mafuta ya mashine hii ni zinki.

Betri ya tunda, basi, ni metali mbili za aina tofauti zilizochomekwa kwenye tunda lenye uchachu bila kugusana humo ndani, halafu zikaunganishwa kwa waya kwa nje. Mara nyingi huwa zinki na shaba, kwa sababu zinapatikana kirahisi na zinatofautiana vya kutosha. Kwa usahihi wa darasani, ndimu moja yenye metali zake mbili inaitwa seli, na betri ni seli kadhaa zilizofungwa pamoja. Mtaani hata jiwe moja la redio tunaliita betri, na mimi sitagombana na mtu kwa hilo.

Vifaa havikutusumbua. Misumari ya bati, ile yenye kofia ya mwavuli, imepakwa zinki ili isishike kutu, na karibu kila duka la vifaa vya ujenzi inayo. Shaba tuliipata kwenye kipande cha waya wa kufungia umeme wa nyumba. Ukimenya ganda la plastiki unakutana na shaba yenyewe, nyekundunyekundu. Kijitaa chekundu cha LED kilitolewa kwenye kigari cha kuchezea kilichokufa. Jirani yangu ni fundi umeme, akatuazima mita yake ya kupimia umeme kwa sharti moja: mtoto asiipeleke kwenye soketi ya ukutani. Sharti hilo mpe na wako. Ndimu moja haifikishi hata volti 1, umeme wa ukutani ni volti 230, na huo haufanyiwi majaribio na mtoto.

Kabla ya kuchomeka, ndimu inabingirishwa mezani kwa kiganja, ukiikandamiza kiasi, mpaka ilainike. Vile vifuko vya ndani vinapasuka na maji yanasambaa. Watu wengi hawafanyi hivi, halafu wanalalamika taa haiwaki. Tukachomeka msumari upande mmoja, waya wa shaba upande mwingine, katikati yake kama upana wa vidole viwili. Mita ikasoma volti 0.93. Mtoto akapiga makofi, kisha akaniuliza mbona nimesema ndimu haina umeme.

Swali la haki. Hapo nikachukua penseli.

Kila metali imejengwa kwa atomu, na kila atomu ina elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi. Metali hazifanani kwa uchoyo. Zinki huachia elektroni zake kirahisi, shaba huzishikilia. Msumari ukiwa ndani ya maji ya ndimu, atomu ya zinki hubanduka, huacha elektroni mbili kwenye msumari, na yenyewe huingia kwenye maji ikiwa ioni, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni, yenye chaji chanya. Zile elektroni mbili zimebaki kwenye chuma. Haziwezi kuogelea kwenye maji ya ndimu, na ukiunganisha waya kwa nje zinapata barabara: zinakimbia kuelekea kwenye shaba. Mbio hizo za elektroni kwenye waya ndizo umeme wenyewe.

Zikifika kwenye shaba zinapokelewa na ioni za haidrojeni, ambazo ndimu inazo nyingi kwa sababu ina asidi ya sitriki. Ioni mbili hushika elektroni mbili na kuwa gesi ya haidrojeni. Ukikamulia ndimu kwenye glasi na kutumbukiza metali humo badala ya kuchomeka kwenye tunda, utaona vipovu vidogo vimeng'ang'ania waya wa shaba kama vile vya soda kwenye mrija. Huku ndani ya maji, ioni zinasogea taratibu ili chaji zisirundikane upande mmoja. Ndiyo maana maji yanahitajika: yakikauka, barabara ya ndani imekatika na ya nje inasimama pia. Kimiminika cha namna hii kinaitwa elektroliti, na zile metali mbili ni elektrodi. Zinki ndiyo ncha hasi, shaba ndiyo chanya.

Maneno hayo hayakumtosha, na nilifurahi. Alitaka ushahidi. Tukachomeka misumari miwili ya bati kwenye ndimu ileile: mita ikasoma sifuri, ikichezacheza kidogo tu. Vipande viwili vya shaba: sifuri. Tukaweka msumari wa kawaida usiopakwa zinki pamoja na shaba: ikapanda, lakini hadi karibu volti 0.5 tu, kwa kuwa chuma hakiachii elektroni kwa wepesi kama zinki. Kisha tukaitoa ndimu kabisa. Tukaloweka ukwaju kwenye kikombe, tukatumbukiza msumari wa bati na shaba. Volti 0.9 na ushee. Ndimu imeondoka, umeme upo. Metali mojawapo ikiondoka, umeme haupo.

Hapo ndipo kuishi kanda ya kati kunapokuwa na raha yake, maana vitabu vingi huishia kwenye limau kana kwamba dunia haina kingine kichachu. Sisi tuna mibuyu. Unga wa ubuyu ukikorogwa na maji kidogo uwe uji mzito unafanya kazi vizuri, asidi imo ya kutosha, na uji haumwagiki ovyo kama maji. Ukwaju na zabibu vina asidi ya tartari. Zabibu za Dodoma tulizijaribu pia, punje mojamoja. Volti zilikuja vizuri, ila punje ni ndogo, metali inayolowa ni kipande kidogo, na mtoto alikuwa anakula malighafi. Kiazi mviringo kinakubali vilevile, ingawa si kichachu mdomoni; kina asidi zake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walionyesha kuwa kiazi kilichochemshwa kinatoa nguvu zaidi kuliko kibichi, kwa sababu kuchemsha kunavunja kuta za ndani na ioni zinapita kwa urahisi. Ni sababu ileile ya kubingirisha ndimu.

Tukaja kwenye taa. LED nyekundu huhitaji kama volti 1.8 ndipo iwake, kwa hiyo ndimu moja haiwezi. Zinafungwa kwa mfululizo: shaba ya ndimu ya kwanza kwenye msumari wa ya pili, shaba ya pili kwenye msumari wa ya tatu. Volti zinajumlishwa. Ndimu tatu zikatupa 2.7. Tukaunganisha taa. Giza.

Mtoto akanitazama kama mtu aliyeuziwa gunia lenye mawe. Nikakagua waya moja baada ya nyingine, nikabana upya, nikafuta maji yaliyomwagika mezani. Giza. Kosa lilikuwa dogo la kuchekesha: LED ina mguu mrefu na mfupi, mrefu unakwenda upande wa shaba, nasi tulikuwa tumeigeuza. Umeme hupita humo kwa upande mmoja tu. Tulipoigeuza ikawaka, lakini kwa jua lile la saa saba hatukuiona mpaka tulipofunga pazia. Doa jekundu, dogo kama jicho la mbu. Ndimu ya nne ikaongeza mwanga kidogo.

Kikundi kingine, nilivyosikia baadaye, kilichomeka misumari minne na shaba nne kwenye limau moja kubwa wakitegemea volti nne. Haijumlishiki hivyo. Metali zote zikiwa kwenye maji mamoja zinavujishiana humohumo ndani. Kila seli inataka chombo chake. Wala ukubwa wa limau hauongezi volti. Volti hutegemea aina ya metali na kimiminika. Kinachoongezeka ukizamisha metali pana zaidi ni ampea, yaani wingi wa umeme unaopita.

Tofauti hiyo ya volti na ampea huwachanganya hata wakubwa. Chukulia tangi la maji lililopandishwa juu ya mnara. Urefu wa mnara ndio volti: unaleta msukumo. Maji yanayotoka bombani kwa dakika ndiyo ampea. Sasa mnara wako uwe mrefu, lakini bomba jembamba kama mrija wa peni: msukumo upo, ndoo haijai. Ndimu nne ndivyo zilivyo. Zina volti zaidi ya mawe mawili ya tochi, na bado haziwezi kuwasha globu ya tochi ya zamani, ile yenye uzi ndani, kwa kuwa globu hiyo inataka mamia ya miliampea (miliampea ni sehemu ya elfu moja ya ampea) na ndimu kwa kawaida inatoa miliampea moja au pungufu.

Swali lililofuata nililingoja: "Tunaweza kuchaji simu?" Tukapiga hesabu. Chaja ya kawaida hutoa volti 5 na ampea 1. Kwa volti, ndimu 6 za mfululizo. Kwa ampea, kila mstari ukitupa miliampea moja, tunahitaji mistari 1,000. Ndimu 6,000, na hapo bado nimeipendelea ndimu, kwani volti zake hushuka ukianza kuzitumia. "Kumbe bora tuuze juisi," akasema.

Jambo hili si geni nyumbani kwetu kama linavyoonekana. Jiwe la redio la kawaida ni ndugu wa damu wa ndimu ile. Mkebe wake ni wa zinki, ndiyo ncha hasi. Katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni, na kati yao unga mweusi wa manganizi ulioloweshwa na chumvi ya kemikali badala ya maji ya ndimu. Asili yake ni seli ya Mfaransa Georges Leclanché ya mwaka 1866. Utotoni mwangu tulikuwa tunaanika mawe juani redio ikianza kukohoa, na yalizinduka kidogo, kwa sababu joto huchangamsha kemia iliyobaki na mapumziko huipa nafasi ya kutawanya taka zake. Na jiwe lililosahaulika ndani ya tochi mpaka likavuja? Zinki imeliwa hadi mkebe umetoboka. Usimwachie mtoto alipasue kuona ndani. Uchafu ule si wa kushikwa.

Nyuma zaidi ya hapo yuko Luigi Galvani wa Bologna, Italia, aliyeona miguu ya chura aliyekufa ikiruka ilipoguswa na metali mbili tofauti, akadhani umeme uko ndani ya chura. Mwenzake Alessandro Volta alikataa: chura ni njia tu, siri iko kwenye metali. Mwaka 1800 akatangaza mnara wake wa visahani vya zinki na shaba au fedha, kila jozi ikitenganishwa na karatasi nene iliyoloweshwa maji ya chumvi, bila chura yeyote. Neno volti limetokana na jina lake. Mtoto wa kaka yangu, bila kujua, alikuwa ameanza siku akiwa upande wa Galvani.

Ndimu zilizotumika hazinyonywi wala hazitiwi kwenye kachumbari. Zinki na shaba zimeyeyukia humo. Nilimwambia azitupe, akatupa tatu. Moja tuliiacha usiku kucha, shaba na msumari vimeunganishwa moja kwa moja kwa waya, bila taa. Jumapili asubuhi aliuchomoa msumari. Sehemu iliyokuwa nje ilikuwa bado inang'aa kijivu. Iliyokuwa ndani ya ndimu ilikuwa imefifia, ina mabaka meusi, na karibu na ncha palionekana chuma chenyewe kikianza kushika rangi ya kahawia.

Jumatatu alikwenda shule na ndimu mpya nne. Ule msumari aliufunga kwenye karatasi ya daftari, akautia mfuko wa shati.