Mtoto hali: afisa lishe kashindwa na wa kwake

Leo asubuhi binti yangu amekula vijiko sita vya uji. Cha saba alikipokea, akakihifadhi shavuni, akanitazama, kisha akakiachia taratibu kikashuka kidevuni mpaka kwenye mkeka. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Neno analolimudu kuliko yote ni "taki", yaani sitaki. Analitumia kwa uji, kwa viatu, kwa kuoga, hata kwa embe ambalo ameshalikumbatia na ukilishika analia.

Mimi ni afisa lishe. Miaka tisa sasa nakaa na kina mama kwenye kliniki za watoto hapa Mtwara, nawaeleza mtoto ale nini na mara ngapi, na ninalosikia kuliko mengine yote ni hili: "Daktari, mtoto hali." (Nimechoka kusema mimi si daktari.) Zamani nilikuwa na jibu la dakika mbili. Tangu nipate wa kwangu jibu limekuwa refu.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonituliza mwenyewe. Huyu binti alizaliwa na kilo 3. Alipotimiza mwaka alikuwa na kilo 8.8, karibu mara tatu ya alivyozaliwa, na ndivyo tunavyotegemea. Mwezi huu mizani imesoma 10.4. Yaani mwaka wa kwanza aliongeza karibu kilo 6, halafu miezi minane yote iliyofuata ikaleta kilo 1.6 tu. Mzazi akiliona hilo anashtuka, lakini ndivyo walivyo. Mwaka wa pili mtoto huongeza kilo 2 na nusu hivi kwa mwaka mzima. Kasi ya kukua imepungua, na njaa nayo imepungua. Tumbo lenyewe linapokea kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa huyu wangu ni mililita 300 na kidogo, kikombe kikubwa cha chai basi. Sasa liangalie lile bakuli tunalomjazia mpaka pomoni, halafu linarudi nusu tunashika tama.

Kwa umri huu naelekeza milo mitatu au minne kwa siku, kila mlo robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima, na katikati kitu cha kutafuna mara moja au mbili. Kama bado ananyonya, maziwa ya mama yanampa karibu theluthi ya nguvu anayohitaji. Hayo hakuna anayeyahesabu. Mtoto aliyenyonya usiku kucha akakataa uji saa moja asubuhi hajagoma, ameshiba.

Sasa nije kwenye lililoniuma.

Mwezi uliopita jirani yetu mmoja, mama mtu mzima tunayeheshimiana naye, alikuja kuomba chumvi. Akamwona mtoto anapita na miguu yake myembamba, bakuli limejaa, nzi wameanza kulikagua. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akarudi kumtazama mtoto. Akasema, kwa sauti ile ya mtu anayejisemea, "Huyu asije akawa kabemendwa."

Aliyekulia pwani au kusini haelezwi zaidi. Kwa ambao hamjui: inaaminika kwamba mtoto anyonyaye akidhoofika, mmoja wa wazazi katoka nje ya ndoa, au wamekutana kabla ya wakati wake, na joto hilo limemwingia mtoto. Maana yake mtoto akikonda, kesi inakuwa ya baba na mama. Na siku ile baba alikuwa mimi, nimekaa barazani na kijiko mkononi.

Mama mkwe alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Newala kutusaidia na mtoto baada ya mwenzangu kurudi kazini. Hakusema kitu. Ila kwa siku tatu shikamoo zangu zilijibiwa "marahaba" ya kukatwa, wakati kabla ya hapo ilikuwa "marahaba baba, umeamkaje, za kazi." Kwetu mkwe humwulizi "mama, una nini?" Unakaa nalo moyoni.

Nacheka sasa, ila kazini imani hii naiona inavyoumiza. Mtoto akianza kunyong'onyea, mama anaona aibu kumleta kliniki, maana kumpandisha kwenye mizani mbele ya watu ni kama kujitangazia. Anapelekwa kwanza kwenye dawa za kuoga na za kufukiza. Nakumbuka mama mmoja aliyefika na mtoto wa miezi kumi na tisa. Kabla hata hajamfungua mgongoni aliniambia, "Mimi na mume wangu hatuna makosa." Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yake ya ugonjwa. Nilibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, nikahesabu hadi tatu, nikaachia. Shimo likabaki. Mguu wa pili vilevile. Uso ulikuwa umejaa, watu nyumbani walidhani ananenepa. Yale ni maji, ni utapiamlo mkali, na tiba yake iko wodini kwa maziwa maalumu. Alikuwa amepoteza wiki sita nyumbani akisubiri joto limtoke. Alipona, nashukuru.

Turudi kwangu. Mama mkwe aliona dawa ya mtoto asiyekula ni kumlisha. Jioni moja nikarudi nikamkuta kamlaza mtoto pajani, kichwa kimeinama nyuma kidogo, kiganja cha kushoto kakiweka kama kikombe chini ya mdomo. Anamimina uji kiganjani, mtoto akifungua mdomo kulia, uji unaingia. Hana namna, lazima ameze ndipo apate pumzi. "Mke mwenzangu, kunywa," anambembeleza, "kunywa tumkomoe babu yako." Kwa haki kabisa niseme ile si ukatili. Ndivyo alivyolea wanawe wote saba, akiwemo mke wangu, na anaifanya kwa mapenzi. Bakuli lilikwisha.

Tatizo ni mawili. La kwanza ni kupaliwa. Mtoto anayelia anavuta hewa kwa nguvu, uji ukiwa mlangoni unaweza kufuata njia ya mapafu, na nimeona homa ya mapafu iliyoanza hivyo. La pili linachukua muda kuonekana: baada ya wiki moja ya kiganja, binti yangu akiona bakuli lile la bluu tu alikimbilia nyuma ya mlango. Si uji aliokuwa anaukimbia.

Nilimwambia mke wangu, mke wangu akamwambia mama yake, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: "Mwambie mumeo ndivyo alivyopata mke mwenye afya." Sina hoja ya kulijibu hilo mpaka leo.

Tulichofanya ni kulificha bakuli la bluu. Tukaanza kumkalisha kwenye mkeka na sisi wakati wa kula, na chake kidogo kwenye kisahani, ugali wa kushikika kwa mkono, samaki aliyetolewa miiba, kisamvu kidogo pembeni. Hakuna anayemwambia kula. Kazi yetu ni kuamua kinachowekwa na saa ya kukiweka. Kiasi gani kinaingia tumboni ni kazi yake. Dakika ishirini, thelathini, tunaondoa, bila ugomvi na bila kumletea biskuti za kufidia. Siku ya kwanza alikula kipande cha kibua na tonge moja, kisamvu akakipaka ukutani. Siku ya pili vivyo hivyo. Kitu kigeni mtoto wa umri huu anaweza kukikataa mara nane, mara kumi, kabla hajakimeza, na sisi wengi tunakata tamaa mara ya tatu tukisema "huyu mboga hapendi." Kisamvu alikila siku ya kumi na mbili, akiiba kwenye sahani ya bibi yake.

Biskuti, kwa kweli, ndiyo vita yangu kubwa. Duka liko hatua ishirini kutoka mlangoni, na kila mgeni anayekuja anaona haya kuja mikono mitupu. Biskuti saa nne, juisi ya pakti saa sita, saa saba tunauliza mbona hali. Na chai ya rangi! Kikombe cha chai pamoja na chakula kinazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na damu ndiyo wanayopungukiwa. Bora maji.

Uji wenyewe nao una kesi. Mama mkwe alikuja na debe la unga wa muhogo, pamoja na mbaazi na ming'oko, vile viazi vya porini. Muhogo unashibisha, lakini protini yake ni gramu 2 au chini kwa kila gramu 100 za unga. Mtoto anajaa tumbo, mwili haujengwi. Na kuna jambo la muhogo mchungu ambalo watu wa mkoa huu hatupaswi kulisahau: mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulipata wagonjwa wa konzo, miguu inakakamaa ghafla na hairudi, kwa sababu ya sumu ya muhogo uliokaushwa haraka haraka wakati wa njaa. Kama huna hakika na unga wako, ulowanishe kwa maji, uutandaze mwembamba kwenye ungo au mkeka saa mbili juani au tano kivulini, sumu ipae, kisha upike siku hiyohiyo. Nilijiandaa kumweleza mama mkwe hilo kupitia kwa binti yake. Akanikuta nimeulowanisha, akasema, "Huu si mchungu, ni wa kwangu mwenyewe nimeupanda." Nikauanika hivyohivyo.

Ninachoongeza kwenye uji wa muhogo ni korosho. Hapa ndipo ninaposhangaa na mkoa wetu. Tunauza korosho dunia nzima, na mtoto wa mkulima anakunywa uji mweupe. Korosho ina protini gramu 18 hivi kwa gramu 100, na mafuta ya kutosha. Za vipande sokoni ni nafuu kuliko nzima, na mtoto hajali umbo. Zikaange, zitwange laini, kijiko kimoja na nusu kwenye uji ukikaribia kuiva. Sizungumzii korosho nzima. Korosho nzima au karanga nzima usimpe mtoto mpaka afikishe miaka mitano, zinapalia. Na msimu ukifika, korosho mbichi zisitapakae uani, yale mafuta ya ganda yanababua mdomo na mikono. Karanga nazo zichambue moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu itupe, sumukuvu haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Ndiyo maana siupendi ule unga wa lishe wa vitu tisa unaosagwa pamoja na kukaa miezi mitatu kwenye ndoo. Kimoja kikiwa kibovu, vyote tisa vimeshakwenda nacho.

Uji uwe mzito, lakini. Ukiinamisha kijiko na uji ukamwagika kama maji, umemnywesha maji.

Kuna kutokula kwa kupuuza na kuna kutokula kwa kukimbilia kituo. Mtoto anayecheza, anayekojoa vizuri, na mstari wake wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda hata kama kwa kujivuta, mwache. Mstari ukilala miezi miwili au ukishuka, nenda. Kama ana homa, nenda siku hiyohiyo apimwe malaria. Viganja vyeupe, miguu inayobaki na shimo, mtoto anayekataa hata kunyonya na kunywa, nenda sasa hivi. Utepe wa kupimia unene wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Mimi ninao mmoja kwenye droo, na nimemvalisha binti yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya wenzangu kazini. Hujawahi kushuka 14.

Juzi usiku, saa nne hivi, umeme umekatika, nilisikia mlango wa jikoni. Nikawasha tochi ya simu. Yuko chini, kajifunua nusu, mbele yake sahani ya kiporo, ugali wa muhogo wa jioni na kibua kilichobaki. Anakula kwa mikono miwili. Sikumsemesha. Niliketi kizingitini nikawa namhesabia matonge, kama mtu asiye na akili: kumi na moja. Tonge la kumi na mbili alinipa mimi.

Asubuhi nilimsimulia mke wangu kwa furaha, na mama mkwe akasikia akiwa uani anapepeta mbaazi. Hakuinua kichwa.

"Si nilisema mtoto ana njaa."