Kwa nini Mtwara ina msimu mmoja wa mvua na Tanga ina miwili?

Mtu wa Tanga akihamia Mtwara mwezi wa Oktoba huanza kutazama mawingu. Kwao wakati huo vuli inakaribia au imeshaanza, na majirani aliowaacha wameshika majembe. Mtwara hakuna dalili. Jua kali, vumbi, watu wako kwenye korosho, na mashamba ya mahindi ndiyo kwanza yanasafishwa. Novemba inaingia, joto linazidi, mvua hakuna. Mvua ya uhakika huja mwishoni mwa mwezi huo au Desemba, na ikishashika hunyesha mpaka Aprili. Baada ya hapo ni ukame mpaka mwisho wa mwaka.

Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, haitoi utabiri mmoja wa mvua kwa nchi nzima. Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Unguja na Pemba hutangaziwa vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Mtwara na Lindi huwekwa kundi moja na Ruvuma, Mbeya na Dodoma, mikoa inayopata mvua za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Bahari ni ileile, minazi ni ileile, na kati ya Tanga na Mtwara kuna tofauti ya nyuzi 5 tu za latitudo. Kwa nini basi?

Jibu linaanzia mbali, kwenye namna dunia ilivyokaa inapolizunguka jua. Haikusimama wima. Mhimili wake, yaani ule mstari wa kufikirika unaopita katika ncha zake mbili, umeinama kwa nyuzi 23.4, na mwaka mzima umeelekea upande uleule wa anga. Kwa hiyo Juni nusu ya kaskazini ndiyo iliyolielekea jua, na Desemba ni zamu ya kusini. Huku chini tunaona jua la adhuhuri likihama: linapanda kaskazini mpaka Tropiki ya Kansa mwezi Juni, linarudi, linapita ikweta Septemba, linashuka mpaka Tropiki ya Kaprikoni Desemba, kisha linapandisha tena.

Kabla ya kuendelea, kuna imani moja inayowashika watu wa kusini kwa urahisi, nayo ni kwamba misimu inatokana na dunia kulikaribia jua na kulikimbia. Ukiishi Mtwara, hesabu hiyo inakubali kabisa. Mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147 hivi, na huku ni joto. Mwanzoni mwa Julai iko mbali zaidi, kilomita milioni 152, na huku ni kipupwe, watu wa Newala wanajifunika mablanketi. Lakini mpigie simu mtu aliyeko London mwezi huohuo wa Julai: yeye yuko katika miezi yake ya joto, na dunia anayoikalia ni hiihii. Umbali unaongeza au kupunguza kidogo nguvu ya jua, kama asilimia 7 kati ya Januari na Julai, lakini mwenye kupanga misimu ni ule mwinamo.

Safari hiyo ya jua unaweza kuipima mwenyewe kwa mti ulionyooka. Mtwara iko nyuzi 10 na robo hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba likielekea kusini, na karibu na tarehe 21 Februari likirudi. Simika mti siku hizo, na adhuhuri kivuli chake kitaishia kwenye shina. Kati ya tarehe hizo mbili jua la adhuhuri liko upande wa kusini, na kivuli kinalala kuelekea kaskazini. Miezi mingine yote ni kinyume chake. Ila usiitegemee saa yako sana: Oktoba adhuhuri ya jua Mtwara huangukia dakika chache tu baada ya saa sita, lakini Februari huchelewa mpaka saa sita na nusu. Saa haijaharibika. Njia ya dunia si duara kamili, mwendo wake hubadilika kadiri inavyolikaribia jua au kujitenga nalo, na ukichanganya na ule mwinamo, jua hutangulia saa majira fulani na kuchelewa majira mengine.

Sasa mvua. Panapopata jua kali, hewa hupata joto, inakuwa nyepesi na kupanda. Pengo lake hujazwa na hewa inayokuja kutoka kaskazini na kusini, pepo mbili zinazokutana na kusukumana juu. Hewa ikipanda inapoa, mvuke wake unageuka mawingu, mvua inanyesha. Mahali hapo pa makutano huizunguka dunia kama mkanda, na wataalamu wetu huuita ukanda mvua. Jua likihama, ukanda nao unahama, ila kwa kuchelewa wiki kadhaa kwa sababu bahari na nchi kavu hazipati joto kwa siku moja. Ndiyo sababu Mtwara jua linapita utosini Oktoba, watu wanaungua, na mvua bado haijafika.

Fikiria daladala inayokwenda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Anayekaa katikati ya njia huiona mara mbili, ikienda na ikirudi, na kati ya hapo kuna muda mrefu wa kungoja. Anayekaa karibu na kituo cha mwisho huiona ikifika, ikipumzika, ikigeuza. Kwake ni tukio moja refu. Tanga iko njiani: ukanda mvua ukishuka unaiachia vuli, ukipandisha unaiachia masika, na Januari na Februari kunakauka. Mtwara na Lindi ziko jirani na mahali pa kugeuzia. Jua lenyewe hufika nyuzi 23.4 kusini, lakini katika eneo letu kiini cha ukanda mvua kwa kawaida hugeukia usawa wa Malawi na kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Kwenda na kurudi kunaungana kuwa msimu mmoja.

Hata hivyo, ule mshono wa kati bado unaonekana. Wakulima wa Mtwara wanajua kwamba mwishoni mwa Januari au Februari mvua inaweza kukatika wiki moja au mbili, mahindi yakaanza kusinyaa, kisha ikarejea kwa nguvu Machi. Wakati huo ukanda umevuka kwenda Msumbiji na bado haujarudi. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu hauhitaji ramani wala setilaiti. Unaonekana kwenye majani ya mahindi.

Mwinamo peke yake, hata hivyo, haumalizi habari. Dunia pia inajizungusha, na mtu aliyeketi Mtwara anabebwa kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila kuhisi lolote. Hewa inayosafiri juu ya kitu kinachozunguka hivyo haiendi moja kwa moja. Njia yake hupinda. Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis ndiye aliyeandika hesabu za nguvu hiyo mwaka 1835. Kusini mwa ikweta hewa hupinda kushoto, kaskazini mwa ikweta hupinda kulia.

Hapo ndipo kusi na kaskazi zinapopatia mwelekeo wao. Katikati ya mwaka bara la Asia linapata joto kali na kuvuta hewa kutoka kwenye bahari baridi ya kusini. Hewa hiyo, badala ya kwenda kaskazini moja kwa moja, inapindishwa na kutufikia kutoka kusini mashariki. Ni kusi, upepo wa nguvu wa Juni na Julai, miezi ambayo wavuvi wa Mikindani na Msimbati wanaiheshimu. Mbona haileti mvua Mtwara? Kwa sababu miezi hiyo hewa ya juu inashuka badala ya kupanda, na kushuka huzuia mawingu kukua. Tena sehemu ya unyevu wake imeshaachwa kwenye milima ya mashariki ya Madagaska. Desemba mambo yanageuka. Asia imepoa, kusini kuna joto, na kaskazi inavuma kutoka upande wa Arabia na India.

Wafanyabiashara wa kale waliijua ratiba hiyo vizuri. Jahazi lilishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na hapo Kilwa ilikuwa na bahati ya mahali. Aliyetoka Arabia aliweza kufika Kilwa, kuuza na kununua, na kupata upepo wa kurudi bila kupoteza mwaka. Kwenda kusini zaidi, mpaka Sofala kwenye dhahabu, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ilikuwa hatari ya kukosa upepo, hivyo dhahabu ililetwa Kilwa na wenyeji wa pwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipotia nanga pale mwaka 1331 alikuta mji tajiri. Historia ya Kilwa huelezwa kwa masultani na misikiti, nami sina ugomvi na hilo, ila mwinamo wa dunia nao unastahili kutajwa miongoni mwa wafadhili wa ule mji.

Mzunguko huohuo wa dunia ndio unaozalisha vimbunga, na hapa kusini imetuweka pabaya kuliko Tanga. Nguvu ya Coriolis ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kadiri unavyoiacha, kwa hiyo ndani ya nyuzi 5 hivi kutoka ikweta ni nadra kimbunga kupata msokoto wa kujijenga. Nyuzi 10 ni mlangoni. Mara nyingi vimbunga vya Bahari ya Hindi huishia Madagaska au Msumbiji, lakini si vyote. Aprili 1952 kimoja kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilielekea mpakani, wakazi wa Mtwara wakatakiwa kwenda maeneo salama, kikaingilia Cabo Delgado upande wa pili wa Ruvuma na kuleta maafa makubwa huko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Kilwa. Angalia miezi: Aprili, Aprili, Mei. Ukanda mvua unarudi kaskazini na bahari bado ina joto la msimu mzima.

Mwenye kunufaika na kiangazi kirefu ni mkorosho. Mti huu unataka mvua za kutosha kisha ukame wa miezi kadhaa, na hicho ndicho hasa Mtwara inachotoa. Unachanua kuanzia Juni hivi, wakati mvua zimekwisha, na korosho zinaokotwa kuanzia Septemba na Oktoba hadi karibu na mwaka mpya. Mvua ikinyesha wakati wa maua, maua huharibika. Baridi nayo ina ubaya wake: usiku wa kipupwe wenye umande hukuza ubwiriunga, ule ukungu mweupe kwenye maua na majani machanga, ndiyo maana katikati ya mwaka mashamba ya Tandahimba na Newala yananuka salfa. Huko Tanga, penye misimu miwili ya mvua, mkorosho unaota, lakini haupati kiangazi cha uhakika kama hiki.

Yote haya ni kwa dunia ilivyokaa leo. Mwinamo wenyewe huchezacheza kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kwa kipindi cha miaka 41,000, na tarehe ya dunia kulikaribia jua nayo inahama polepole; baada ya miaka kama 10,000 itaangukia Julai badala ya Januari. Mabadiliko madogo kama hayo ndiyo yaliyowahi kuimwagia Sahara mvua, ikawa na maziwa na viboko, kabla ya kukauka miaka 5,000 hivi iliyopita.

Na ardhi nayo haikai mahali pamoja. Kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, ndipo Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, ikiwemo ile ya Giraffatitan, dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu, iliyounganishwa na kusimamishwa Berlin. Dinosaria hao waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na wakati huo bara letu lilikuwa kusini zaidi, Lindi ikiwa mbali sana na ikweta kuliko ilivyo leo. Miamba waliyofukiwa ndani yake inaonyesha nchi ya joto yenye majira ya mvua na kiangazi kikali, kwa sababu hata wakati huo dunia ilikuwa imeinama.