Simon de Montfort hakuwa mtu mmoja

Wengi husimulia kwamba Simon de Montfort, kabaila wa Kifaransa, aliwapiga vita Wakathari, kundi la Wakristo wa kusini mwa Ufaransa waliohesabiwa wazushi na Kanisa, kisha akaitisha bunge Uingereza. Sivyo. Hao ni baba na mwana, na kuwachanganya ni kuwadhulumu wote wawili.

Baba ndiye aliyeongoza vita vya msalaba kusini mwa Ufaransa. Aliuawa mwaka 1218 akiuzingira mji wa Toulouse: jiwe lililorushwa kwa mtambo kutoka ndani ya ngome lilimpasua kichwa. Masimulizi ya wakati huo yanasema mtambo ule uliendeshwa na wanawake.

Mwanawe alikuwa bado mtoto. Haki ya kurithi Leicester, milki ya kikabaila huko Uingereza, ilitoka kwa bibi yake mzaa baba, Amicia, na kaka yake mkubwa, Amaury, ndiye aliyemwachia. Bila ukarimu huo wa Amaury, ambaye leo hatajwi, sidhani kama tungemsikia Simon huyu. Mwaka 1238 akamwoa Eleanor, dada wa Mfalme Henry wa Tatu, na mwaka 1265 akaita bungeni hata wawakilishi wa miji. Agosti mwaka huohuo aliuawa Evesham pamoja na Henry, mwanawe wa kwanza, akipigana na jeshi la Edward, mwana wa shemeji yake mwenyewe.