Betri iliyokaa kabatini na ile asilimia unayoiamini

Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja karudi toka Oman, alikuwa kule kikazi miezi 14, laptop yake aliiacha hapa Mombasa kabatini ikiwa imechajiwa hadi mwisho. Kaiwasha ikamwonyesha 71%, akafurahi, dakika 12 hazijaisha ikazima hapo hapo bila onyo. Akaniletea. "Fundi, betri ilikuwa na chaji ya kutosha, hii itakuwa bodi." Nikamwambia kaka, bodi tuiache kwanza, nipe betri.

Hili jambo linaniuma manake nimeona watu wakinunua bodi isiyokuwa na shida, na wengine wakitupa betri nzima, sababu tu wameshikilia ile namba ya asilimia. Ile namba haijapimwa, ni hesabu, na hesabu ikikaa mwaka bila kusahihishwa inachacha.

Ndani ya betri kuna chipu ya kukadiria chaji. Umeme wote unaoingia na kutoka unapitia kirezista kidogo sana, mara nyingi miliomu 10 au chini yake, chipu inasoma volti inayotokea pale na kujumlisha. Ni kama daftari la duka, kila kinachoingia na kutoka mlangoni kinaandikwa. Sasa panya wakitoboa gunia la unga kule stoo usiku, daftari litajuaje? Na seli ya lithiamu ina panya wake, chaji inapungua yenyewe ndani kwa ndani, kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwezi kwenye joto la kawaida, na joto likipanda inapungua kwa kasi zaidi, na chaji hiyo haipiti kwenye kirezista hata kidogo.

Wengine wananiuliza, si waitengeneze tu chipu ihesabu hata mkondo mdogo kabisa? Hapa ndipo penyewe. Hakuna kipimo kisicho na kosa kwenye sifuri. Chukua chipu inayokosea maikrovolti 10 tu kwenye rezista ya miliomu 10, tayari hiyo ni miliampea 1 ambayo haipo, zidisha saa 24 mara siku 365 unapata ampea-saa 8.76, na betri nyingi za laptop zina ampea-saa 4 au 5 hivi, yaani daftari lingeandika betri imeisha karibu mara mbili na wewe hujaigusa. Kwa hiyo chipu inaambiwa mkondo ukiwa mdogo kupita kiwango fulani uhesabu ni sifuri. Wameziba tundu moja, wameacha lingine wazi.

Wenye betri za lithiamu za sola hapa ndipo wanapoumia sana. Tuseme BMS yako, ile bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, inakula miliampea 20, kidogo mno kwa hiyo yenyewe haiandiki, umezima inverta umesafiri siku 180, zimeondoka ampea-saa 86.4. Kama betri ni ya ampea-saa 100 umebaki na makombo na skrini inaweza kuwa bado inasema umejaza.

Chipu nzuri zinajisahihisha, betri ikitulia inasomwa volti na kulinganishwa na jedwali, kama mwenye duka anavyofunga mlango akahesabu mali. Kwa lithiamu ya simu na laptop inafaa kwa sababu volti inashuka polepole toka 4.2 kwenda chini. Ile ya fosfeti, ndiyo hiyo ya sola, hapo katikati inakaa tu kwenye 3.3, milivolti chache zinabeba asilimia kibao, hivyo kuhesabu mali hapo katikati hakusaidii. Ichaji mpaka ijae kabisa ndipo namba irudi kwenye mstari.

Turudi kwa laptop. Pakiti ina seli tatu mfululizo, nikaweka mita: 3.74, 3.73, na ya tatu 3.31. Jumla 10.78, ukiipima kwa juu juu utasema hii nzima. Kumbe ile ya tatu ndiyo inayogonga chini kwanza na saketi ya ulinzi inakata zote. Halafu nikasoma kitu ambacho mafundi wengi hawakisomi. Betri za laptop zinazofuata ule mwongozo wa Smart Battery wa 1998 zina rejista ya 0x0C, yaani sehemu ya kumbukumbu ndani ya chipu, inayosema kwa asilimia chipu yenyewe inadhani imekosea kiasi gani. Hii ilisoma 14. Ripoti ya betri ya Windows, ile ya amri ya powercfg, haikuonyeshi hiyo, lazima usome kwa adapta ya kuunganisha chipu ya betri na kompyuta.

Nikaichaji ile seli ya chini peke yake polepole mpaka ikalingana na wenzake (ingekuwa imeshuka chini ya volti 2 nisingeigusa, shaba ya ndani huyeyuka na ukichaji unaweza kupata shoti ndani ya seli, na iliyovimba ni hivyo hivyo, usijaribu). Kisha chaji mpaka ijae, pumzisha saa 2, tumia mpaka izime, pumzisha saa 5, jaza tena. Hizo saa za kupumzika ndizo watu wanaziruka na ndizo zinazofanya kazi. Rejista ikashuka hadi 1, na ukubwa halisi ukaja miliampea-saa 3550 toka 4400. Huo upungufu si wa hesabu, umeondoka kweli, ni kukaa imejaa 100% na joto la kabati la Mombasa. Apple wanashauri kifaa cha kuweka muda mrefu kiachwe kama 50%, chini ya nyuzi 32, na kirudishwe 50 kila miezi sita.

Jamaa anaondoka tena mwezi ujao. Tumeishusha mpaka volti 11.4, nikabandika masking tape juu ya betri nikaandika hiyo namba na tarehe, na dadake ameahidi kuileta dukani baada ya miezi sita niipime upya.