Adrenalini Kuzidi Mwilini: Maana Yake, na Homoni na Madini Yanayoweza Kuhusika

Mama anayefungua genge lake katika Soko la Mbuyuni, Moshi, kabla jua halijachomoza, akiwa amekunywa kahawa tupu bila kitafunwa, anaweza kushtukia saa nne asubuhi mikono inamtetemeka, kijasho chembamba kinamtoka, moyo unamwenda mbio na hofu isiyo na sababu imemshika. Mwenyewe atasema presha imepanda, jirani yake atasema ni mawazo, na siku hizi hakosekani mtu wa kumwambia kwamba adrenalini yake imezidi. Kauli hii ya mwisho huenda ikawa ya kweli kabisa, lakini bado haijaeleza ugonjwa wowote, kwa kuwa inataja kilichotokea mwilini bila kutaja kilichokisababisha.

Adrenalini ni homoni inayotengenezwa na sehemu ya ndani ya tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, mkemia wa Kijapani aliyeishi Marekani, alitangaza kwamba amefanikiwa kuitenga ikiwa safi. Kazi yake ni kuuandaa mwili kwa dharura: moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu, njia za hewa hupanuka, ini hutoa sukari kwenye damu, na damu hupunguzwa kwenye ngozi na tumbo ili iende kwenye misuli. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba homoni hii haikai muda mrefu katika damu, kwani kiasi chake hupungua kwa nusu ndani ya dakika chache tu. Kwa hiyo mtu akikaa saa nzima au zaidi na dalili hizi, hatuna budi kuuliza ni kitu gani kinachoendelea kuiita, au ni nini kinachomfanya moyo wake uitikie kupita kiasi hata kiasi cha adrenalini kikiwa cha kawaida.

Mmoja wa waitaji wakubwa wa adrenalini ni sukari iliyoshuka. Sukari ya damu inapokaribia au kupungua chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mwili huwa umepunguza kutoa insulini, kisha humwaga glukagoni, homoni inayopandisha sukari, pamoja na adrenalini ili ini lifungue akiba yake; kutetemeka na kutoka jasho, basi, ni dalili za mwili unaojiokoa. Hali hii huwapata zaidi wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi kisha wakachelewa kula. Huweza pia kumpata mtu asiye na kisukari aliyekunywa mbege au pombe kali tumbo likiwa tupu, kwa sababu pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Kwa mama wetu wa Mbuyuni, hata hivyo, tusikimbilie kusema sukari imeshuka. Mtu mwenye afya aliyelala njaa usiku mmoja kwa kawaida hubaki na sukari ya kutosha, na kahawa peke yake, anayoijua vizuri mtu yeyote wa mlimani, huongeza adrenalini. Njia ya kulimaliza shauri hili ni kupima sukari kwa tone la damu ya kidole wakati dalili zipo. Ikiwa iko chini, na dalili zikaondoka baada ya kunywa chai yenye sukari, hapo ndipo sababu imepatikana. Kupima kesho yake, hali ikiwa imetulia, hakusaidii kitu.

Tezi ya shingo inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu hudanganya. Mtu ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi hutetemeka vidole, hukonda ilhali anakula vizuri, hupata choo mara nyingi, hukosa usingizi, na huvua sweta katika baridi ya Arusha ya mwezi wa Julai wakati wenzake wamejifunika mablanketi. Yeyote angeapa kwamba adrenalini imefurika, kumbe ikipimwa hukutwa ya kawaida. Kilichozidi ni homoni ya tezi ya shingo, nayo huufanya moyo uwe mwepesi kuitikia adrenalini ile ile ya siku zote. Ndiyo maana daktari humpa dawa kama propranololi, ambayo huzuia moyo usiitikie mno, huku matibabu ya tezi yenyewe yakiendelea. Wilaya za milimani kwa miaka mingi zilijulikana kwa rovu litokanalo na upungufu wa madini joto, na mtu mwenye rovu la siku nyingi lenye vinundu anaweza kupata tatizo hili la tezi kuzidisha kazi pale anapoanza kupata madini joto kwa wingi. Hiyo si sababu ya kuiogopa chumvi yenye madini joto, ambayo imewakinga watoto wengi na madhara makubwa ya ubongo. Ni sababu ya mwenye rovu kupimwa damu.

Homoni za uzazi nazo zina sehemu yake. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, anaweza kuamshwa usiku na joto la ghafla, jasho na moyo kudunda, kwa sababu estrojeni, homoni ya kike, inayopanda na kushuka huvuruga sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Ama ule unaoitwa uchovu wa tezi za juu ya figo, unaotangazwa pamoja na virutubisho vya bei ya juu, si ugonjwa unaotambuliwa na wataalamu wa homoni. Tezi hizo huharibika kweli, wakati mwingine kwa kifua kikuu, lakini zikiharibika mtu huishiwa nguvu, presha hushuka na ngozi hubadilika kuwa nyeusi zaidi.

Kwa upande wa madini, magnesiamu ndiyo yenye hoja ya kueleweka. Chembe za tezi za juu ya figo humwaga adrenalini pale kalsiamu inapoingia ndani yake, na magnesiamu huizuia kalsiamu isiingie ovyo. Kwa hiyo magnesiamu ikipungua sana, breki hulegea. Mtu hutetemeka, hukakamaa misuli na moyo hupiga bila mpangilio. Upungufu huo hutokana zaidi na kuharisha kwa muda mrefu, ulevi, vidonge vya kukojoza vya presha, na kutumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa miaka. Mlo nao una mchango: dona, maharage, karanga na mboga za majani zina magnesiamu, ilhali sembe iliyokobolewa imepoteza sehemu kubwa ya madini hayo pamoja na pumba. Kipimo cha damu kina kasoro yake, kwa sababu chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo inayokaa katika majimaji ya damu, hivyo majibu ya kawaida hayathibitishi kwamba akiba imejaa.

Potasiamu inahitaji tahadhari ya namna nyingine. Ikipungua chini ya milimoli 3.5 kwa lita, moyo huweza kurukaruka. Lakini adrenalini yenyewe huisukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya chembe, kwa hiyo potasiamu ya chini inaweza kuwa matokeo badala ya chanzo. Tena magnesiamu ikiwa pungufu, figo huendelea kuimwaga potasiamu kwenye mkojo hata mgonjwa akiongezewa. Ndizi za kupika na mtori, vyenye potasiamu, ni chakula chema kwa mtu mwenye figo nzima. Vidonge vya potasiamu visinunuliwe kwa ushauri wa jirani, kwa kuwa kwa mwenye figo dhaifu vinaweza kuusimamisha moyo. Madini ya chuma nayo yakipungua, damu hupungua, na moyo hulazimika kwenda mbio ili hewa ya oksijeni ifike kila mahali. Kwa mwanamke mwenye hedhi nzito, mimi ningeanza na kipimo cha wingi wa damu kabla ya kufikiria homoni yoyote.

Ipo hali moja ambapo adrenalini huzidi kwa maana halisi ya neno: uvimbe wa tezi ya juu ya figo unaoitwa feokromositoma. Ni nadra, kwani hukutwa kwa chini ya mtu 1 kati ya kila watu 100 wenye shinikizo la juu la damu, na mara nyingine hurithiwa katika ukoo. Huja kwa vipindi: kichwa kuuma kwa nguvu, jasho na moyo kwenda mbio kwa pamoja, presha ikipanda ghafla kisha kushuka. Hupimwa kwa kutafuta metanefrini, yaani mabaki ya adrenalini, katika damu au katika mkojo wote wa saa 24. Anayekusanya mkojo huo hutupa ule wa kwanza wa asubuhi, kisha huhifadhi kila tone hadi asubuhi inayofuata, na humtajia daktari mapema dawa zote anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona na za mafua huweza kuyapandisha majibu pasipo uvimbe wowote.